Nani Alikuwa Anakula Ukuta wa Stoo Yetu?

Ukuta wa stoo yetu ulikuwa unaliwa.

Simaanishi mchwa. Simaanishi panya. Kila asubuhi nilikuta alama mpya za kucha kwenye udongo, na shimo limeongezeka.

Mwaka mwingine ningecheka. Lakini ilikuwa Januari 2008, huku kwetu Chepsaita, na ndani ya stoo hiyo, nyuma ya magunia ya mahindi, nilikuwa nimemficha mtu.

Anaitwa Apondi. Alikuwa nesi wa zahanati ya hapa, Mjaluo, rafiki yangu. Nyumba yake ilichomwa mara tu baada ya matokeo ya urais kutangazwa, kwa uvumi kwamba yeye na mumewe waliipigia kura serikali. Mumewe, Okumu, alikuwa kazini Eldoret, akakimbilia showground, uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wengine. Apondi alikimbilia kwangu.

Mimi ni Jelagat, mwalimu wa kemia. Nilikuwa nyumbani kwa mama kwa likizo ya Krismasi. Kaka yangu Kigen alikuwa nyumbani pia, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana waliofunga barabara ya Turbo.

Elewa vizuri. Mtu niliyemficha, na mtu ambaye sikutaka amwone, walikuwa wanakula ugali wa sufuria moja.

Kwa hiyo shimo lile halikuwa mchezo. Lilikuwa upande wa nje, unaotazama ua wa miti, mahali ambapo hakuna mtu anapita. Kila siku ukuta ulizidi kuwa mwembamba.

Nilimnong'oneza Apondi nilipompelekea chai.

"Kuna mtu anachimba. Labda wamekujua."

"Anachimba na nini?"

"Kucha."

Aliweka kikombe chini.

"Na udongo unaotoka uko wapi? Umeuona chini?"

Nilienda kuangalia. Chini palikuwa safi. Hakuna hata vumbi.

"Basi hachimbi," Apondi alisema. "Anakula. Jelagat, hapa kwenu nani ana mimba?"

Jibu lilikuwa moja tu. Brenda. Bibi ya Kigen.

*

Brenda alilelewa Elgon View, mtaa wa matajiri wa Eldoret. Msichana wa mjini, msafi, wa kula kwa uma. Mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa amenenepa vizuri.

Sikuamini. Kwa hiyo nilifanya kile ninachowafundisha wanafunzi wangu: nilienda kutazama.

Kulipopambazuka, Kigen akiwa ameshatoka na Mama akiwa anakamua ng'ombe, Brenda alikuja nyuma ya stoo. Mama alikuwa ameipaka ile stoo udongo mpya kabla ya Krismasi. Umande ukiingia, udongo huo hunukia kama mvua ya kwanza. Brenda aliegemeza paji la uso ukutani, akakwangua, akaweka mdomoni. Alikuwa amefumba macho.

Nilienda kumwambia Apondi.

"Angalia kope zake kwa ndani," Apondi aliniambia. "Angalia kucha. Halafu uniambie dawa za kuongeza damu anameza na nini."

Saa ya chakula nilijifanya namtoa Brenda kidudu kwenye jicho. Kope kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi. Kucha pia.

Halafu akameza kidonge chake cha madini ya chuma kwa kikombe kikubwa cha mursik, maziwa yetu ya mgando, Mama amesimama pale kuhakikisha anamaliza.

"Mama, hiyo dawa si afadhali anywe na maji?"

"Maji?" Mama alinicheka. "Wewe na shule yako. Kwani hii boma imekosa maziwa? Mimi nimezaa sita na maziwa. Wewe umezaa ngapi?"

Brenda alicheka pia. Mimi sina mtoto.

Lakini kemia haimwogopi mama mkwe. Kalsiamu ya kwenye maziwa huzuia mwili kuchukua chuma. Chai pia huzuia. Udongo nao hukishika chuma tumboni kikapita na choo. Brenda alikuwa anameza dawa kila siku na karibu yote ilikuwa inapotea.

Nilipomweleza Apondi, hakupoteza muda kusema pole.

"Kizazi ni msuli," alisema. "Mtoto akitoka, lazima kikaze ndiyo damu ifunge. Mtu asiye na damu, kizazi kinaweza kulegea. Na hata kisipolegea, ile damu kidogo ambayo mwingine anapoteza na anaendelea na uji wake, yeye inamuua. Mpeleke Eldoret kabla uchungu haujaanza."

"Kigen hatakubali."

"Basi tafuta maneno."

*

Nilimkuta Kigen kando ya barabara, amekalia gogo, na vijana wake wamekaa juu ya mawe.

"Brenda lazima aende hospitali."

"Barabara imefungwa."

"Na nani?"

Alinitazama kama mjinga.

"Na sisi."

"Basi fungueni."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Madam anafikiri hii ni geti ya shule."

Kigen hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Nikimfungulia bibi yangu, kesho kila mtu ataleta bibi yake. Halafu mbele kuna kizuizi cha wengine, si cha watu wangu. Mama alituzaa sisi wote hapa nyumbani. Brenda ni mzima, huoni vile amenona?"

"Hana damu, Kigen."

"Nani amekwambia?"

Niligeuka, nikarudi nyumbani. Aliyeniambia alikuwa nyuma ya magunia.

*

Uchungu ulimshika kesho yake, mchana. Mama alizalisha, mimi nikasaidia. Mtoto alitoka vizuri, msichana, akalia. Kondo la nyuma likatoka zima. Mama akaanza kupiga vigelegele.

Halafu damu ikaja.

Haikuchuruzika. Ilimwagika, ikapita godoro, ikagonga sakafu. Nilisikia sauti yake.

"Itaisha," Mama alisema. Halafu akasema tena, kwa sauti ndogo, "Itaisha." Halafu akaacha kusema.

Brenda aliniuliza kwa nini kumekuwa na giza. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Kigen alisimama mlangoni, mikono imelegea. Mtu aliyefunga barabara nzima hakujua aweke wapi mikono yake.

Nilitoka mbio mpaka stoo. Hata sikumaliza sentensi. Nilisema tu, "Apondi, ni damu." Nilijua ninachomwomba. Na yeye alijua.

Alitoka nyuma ya magunia, akanawa mikono kwenye karai, akapita katikati ya boma mchana kweupe, unga wa mahindi umejaa kichwani.

Kigen alimwona.

"Huyu ametoka wapi?"

"Toka mlangoni," Apondi alimjibu. "Unazuia mwanga."

Akatoka.

Apondi alikikanda kizazi kwa juu ya tumbo. Hakikukaza. Akaingiza mkono mmoja ndani, mwingine akakandamiza kwa nje, akakibana katikati kwa nguvu zake zote. Damu ikapungua. Haikuisha, ikapungua.

"Nikitoa mkono, amekufa," alisema. "Anahitaji kuongezwa damu, na hapa hakuna. Leteni gari."

Tulimpandisha Brenda kwenye pikapu ya jirani, juu ya godoro. Apondi alipiga magoti kando yake, mikono yake pale pale, nikawafunika kwa blanketi. Kizuizi cha kwanza Kigen alikiondoa mwenyewe. Aliyabeba mawe kifuani, moja moja, vijana wake wakitazama bila kusaidia.

Cha pili hakikuwa chake.

Kijana mwenye upinde alifunua blanketi.

"Huyu namjua. Huyu ni sista wa zahanati. Si wa kwetu."

"Ndiyo," Kigen alisema.

"Ashuke."

Apondi hakuinua kichwa. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Mikono yake haikusogea. Niliiona kwa karibu.

Kigen alishuka, akasimama mbele ya kijana.

"Mkono wake ndio umeshika maisha ya bibi yangu. Akishuka, bibi yangu amekufa hapa hapa. Kwa hiyo ukitaka kumuua, ua wote wawili, halafu mimi, halafu uende umwambie mama yangu."

Kijana aliangalia ndani ya pikapu. Damu ilikuwa imefika miguuni mwangu.

Akatema mate pembeni, akaita wenzake. Wakavuta gogo.

*

Brenda aliongezewa damu Eldoret, akapona. Apondi alipotoa mikono hakuweza kukunja vidole. Nesi mmoja alimpa chai, naye akaimwaga kwa sababu kikombe kilimshinda kushika. Jioni hiyo polisi walimpeleka showground kwa Okumu.

Sikumwona tena.

Wodini nilimwambia Brenda ukweli: kwamba nilikuwa nimemficha Apondi.

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Shimo lilitoboka, Jelagat. Kitundu tu, siku chache kabla ya uchungu. Siku hiyo niliona jicho lake, na yeye akaona langu."

Nilikaa kitandani. Apondi hakuwahi kuniambia. Nadhani alijua kwamba ningemhamisha, na hakukuwa na mahali pa kumhamishia.

"Mbona hukumwambia Kigen?"

Brenda aliangalia dirishani.

"Angeniuliza nilimwona vipi. Ningemwambia nilikuwa nafanya nini pale? Nakula nyumba ya mama yake?"

Ndiyo hiyo. Haikuwa ujasiri. Haikuwa huruma. Ilikuwa aibu ya msichana wa Elgon View, na ndiyo iliyomweka Apondi hai mpaka siku ile alipohitajika.

Mwezi wa nne nilipata namba mpya ya Apondi. Alikuwa kwao, Siaya. Kigen aliomba simu, akaanza kulia kabla hajasema neno.

Apondi alimkatiza. Nilisikia kwa sababu sauti ilikuwa juu.

"Kigen, sitaki pole. Kipimo chake cha damu, HB, ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Dawa anameza na nini?"

"Na maji."

"Sawa," alisema, akakata.

Wewe unayesoma: mjamzito akila udongo, au mawe laini ya sokoni, usimcheke. Ukimcheka atajificha, na utakuwa umeipoteza dalili pekee uliyopewa. Mpeleke apimwe damu mapema. Kidonge cha chuma ameze na maji, au na chungwa. Chai na maziwa vingoje kwa muda wa saa mbili. Na usimpime kwa macho. Brenda alikuwa amenona.