Bakuli la Mama Neema

Enzi zetu pale Sakina, barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Yeyo, mama yangu, alitaniana na rafiki yake Mama Neema wa ng'ambo, kila mmoja akiwa mlangoni kwake. "Wewe Mchaga, ndiyo unaamka?" "Kabla yako, mvivu wewe!" Nasi watoto tunakimbiza ringi palepale kwenye lami, basi likija tunapisha, likipita tunarudi.

Kazi yangu ilikuwa kuvusha bakuli. Yeyo akipika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, lazima Mama Neema apate. Lilikuwa bakuli lake la bati, la bluu, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Likija kwetu lina ndizi, likienda kwao lina loshoro. Njiani nilikuwa nalamba pembeni, nafika namwamkia shikamoo, mdomo mweupe pee!

Kisha ikaja barabara mpya. Nzuri, jamani, sikatai. Pana, ina mitaro na ukuta katikati. Lakini aliyeichora aliwafikiria wenye malori na mabasi. Wanawake wawili wenye bakuli moja hawakumjia akilini. Kivuko kiko mbali, na magoti ya Yeyo yamechoka. Bakuli likabaki kabatini kwetu. "La mwenzangu limekaa mno," analalamika, "mimi naona aibu."

Wajukuu zake, hawa wa dotcom, wakamwambia, "Bibi, si umpigie video?"

"Haya, na loshoro nitaimimina wapi humo?"

Juzi nikampakia kwenye gari, bakuli mapajani. Mama Neema tunamwona kabisa kibarazani kwake, nasi tunazidi kumwacha nyuma, tunatafuta pa kugeuzia. Foleni hiyo! Yeyo akanigeukia: "Kwani amehamia wapi?"

Walipokumbatiana walilia wote wawili, na mimi nikajikuta nalia. Bakuli tukaliacha.

Sasa ni zamu ya Mama Neema kulileta na ndizi, naye hatembei bila fimbo. Zamani angemwita mtoto yeyote aliyekuwa anacheza barabarani. Siku hizi jioni Yeyo anavuta kiti mlangoni, anaangalia ng'ambo, magari yanapita, yanapita tu. Natamani niwe tena yule mtoto wa mdomo mweupe, niangalie kulia, niangalie kushoto, nivuke nikalichukue.