Nilisomea Kuchomelea Vyuma kwa Chaki

Jamani, lori lilikuja kubeba mashine zetu za kuchomelea huku sisi wanafunzi tumekaa darasani tunaangalia.

Hatukuibiwa. Geti lilifunguliwa na mlinzi mwenyewe, na mkuu wa chuo alisimama nje akiwaelekeza wapakiaji wasikwaruze ukuta.

Jana yake tu mgeni rasmi alikata utepe mbele ya mashine hizo hizo. Tulivalishwa ovaroli mpya za buluu, tukapangwa kwa urefu, tukapigwa picha tumeshika vinyago vya kukinga macho. Mgeni akasema serikali imetoa fungu la kuwafundisha kazi vijana na wote walioachishwa kazi viwandani. Bure kabisa, kwa hiyo asiwepo wa kulalamika tena.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Kumbe mashine zilikuwa za kukodi.

Mimi kule chuoni sikwenda kwa kupenda sana. Nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya simu, maisha yanasogea. Aliyenipeleka ni baba.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kikafungwa. Mtu aliyezoea kutoka nyumbani jua halijachomoza, akawa anashinda kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, kazi yake kufukuza kuku wa jirani. Mama akifagia, baba anainua miguu, anafagiliwa chini yake, anaishusha. Nyumba nzima tulijua mzee anakwisha.

Tangazo la mafunzo lilipotoka, walitaka mtu mmoja kwa kila kaya. Nafasi ilikuwa yake. Akakataa.

"Mimi nimeshatumika, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nenda wewe. Ufundi haumtupi mtu."

Nikaacha duka, nikaenda.

Lori lilipoondoka, mwalimu wetu aliingia darasani. Huyu alikuwa fundi wa kweli, mikono yake yote ina makovu ya cheche. Alikwenda moja kwa moja ubaoni. Halafu akachukua chaki, akachora mashine.

Ndivyo tulivyosoma. Kwa chaki.

Alituambia ukweli bila kuzunguka. Fungu la kulipia mafunzo lilikuja, la kununulia vifaa halikuja. Na chuo kinalipwa kwa kila kichwa kinachohitimu, hakuna anayeuliza kichwa hicho kimebeba nini. Basi vichwa lazima vihitimu.

Tukawa tunashika kalamu badala ya rodi ya kuchomelea, tunaiburuza juu ya meza, mwalimu anapita akitunyanyua viwiko. Kulikuwa na mmoja tukimwita Injinia, yeye alikuwa anatoa sauti ya cheche kwa mdomo. Tsssss. Tunacheka mpaka machozi.

Nami nilicheka. Ukishapigwa changa la macho utafanyaje?

Siku moja tulimfuata mkuu wa chuo ofisini. Nilitegemea atatufokea. Hakufoka. Alisema kila muhula anaomba vifaa, na kila muhula anajibiwa aonyeshe kwanza matokeo. Matokeo yenyewe ni idadi ya wahitimu. Akigoma kutuhitimisha, chuo kinafungwa, na hata ubao hatutauona tena.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningempata mbaya wangu ningelala.

Tukahitimu. Wote, hakuna aliyefeli. Baba alikitembeza cheti changu kwa majirani kama mtu anayetembeza mjukuu.

Nikaenda kuomba kazi kwenye karakana ya mageti. Bosi wa pale akasoma cheti, akanipa kinyago na rodi, akaniambia niunge mabomba mawili ya chuma.

Nilikuwa najua kila kitu kuhusu kuunga bomba. Mwulize mtu yeyote.

Rodi ikagusa chuma ikang'ang'ania. Nikaivuta, ikatoa cheche, nikashtuka nikainua kinyago kuangalia nimekosea wapi, na huku nyuma rodi ikagusa tena. Mwanga mweupe ukanipiga machoni. Bomba likatoboka tundu la kupitisha kidole.

Mafundi wengine waliacha kazi wakatazama. Afadhali wangecheka.

Bosi alinichukulia rodi mkononi taratibu, akaniuliza chuo gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa. Akasema wenzangu wameshapita pale, wote hivyo hivyo, na sasa akiona mhuri wa chuo kile haendelei kusoma.

"Dada yangu, ungekuja mikono mitupu ningekuanzisha kwenye kufagia," alisema. "Hiki cheti ndicho kimekuharibia."

Nilirudi nyumbani macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Nikawaambia wazazi nimeambiwa nisubiri kuitwa. Mama akanikanda na kitambaa cha maji baridi. Baba akaniuliza karakana yenyewe iko wapi.

Nisubiri kuitwa na nani sasa? Duka la simu lilishapata mtu. Hasira zikanijaa, nikaondoka asubuhi moja kwenda kumtapikia mkuu wa chuo maneno yote niliyokuwa nimeyameza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia yule mwalimu wetu amepata kazi nchi nyingine, ameondoka. Na serikali imeongeza muda wa mafunzo, kwa sababu matokeo yetu yalikuwa mazuri kupita vyuo vyote. Anatafuta mwalimu. Awe mtu mwenye cheti cha mafunzo haya haya.

Nilikwenda na matusi, nikatoka na ajira.

Mnihukumu mnavyotaka. Nyumbani jiko lilikuwa limepoa.

Siku ya kwanza naingia darasani na chaki mkononi, nikainua macho kusalimia.

Mstari wa mbele, ndani ya ovaroli mpya ya buluu, amekaa baba yangu mzazi.

Nafasi ya kaya yetu ilikuwa wazi tena. Alijiandikisha bila kumwambia mtu. Aliposimama na wenzake kuniamkia, "Shikamoo mwalimu," nilitamani ardhi inimeze. Nikageukia ubao nikachora mashine.

Baada ya kipindi nilimvuta pembeni, kwenye bomba la maji. Nikamwambia kila kitu. Kwamba mashine hakuna na hazitakuja. Kwamba mimi mwenyewe sijui kuunga hata msumari. Nikamwomba arudi nyumbani asijidhalilishe.

Alinawa mikono, hana haraka.

"Najua, mama. Nilikwenda kwa yule bosi wa mageti kumwuliza mbona hawakuiti. Akanieleza."

"Sasa baba umekuja kufanya nini hapa?"

Alijifuta mikono kwenye ovaroli.

"Asubuhi nilipoivaa hii, mama yako aliniuliza nitarudi saa ngapi," alisema. "Tangu kiwanda kifungwe hajawahi kuniuliza."

Nikalifunga bomba la maji.

"Niache nisome," akasema, akarudi darasani.

Nikamwacha.

Ndugu msomaji, ukisikia chuo kinafundisha bure, usikimbilie fomu. Omba uonyeshwe karakana, na ukionyeshwa, omba waiwashe. Na ninyi mnaotoa mafungu, msihesabu vyeti. Mchukueni mhitimu mmoja tu, mpeni vyuma viwili, kisha simameni pembeni mtazame. Mtajua pesa ya umma ilifundisha nini.

Mimi bado nafundisha. Mahafali yanakaribia, na hakuna atakayefeli.

Baba ameniomba siku hiyo nilisome jina lake polepole, mama alisikie vizuri.