Eda ya Mashavu

Nyumba yenye mwanamke aliye edani haifukizwi udi. Hilo ndilo la kwanza ninalokumbuka kuhusu msimu ule, kwa sababu udi ulipokosekana, harufu nyingine zote za ua wa Bibi zilipata nafasi: mpunga uliochemshwa ukianikwa juani, mafuta ya mawese, moshi wa kuni mbichi, na zaidi ya yote mkojo wa sungura, harufu kali inayopanda puani na kukaa. Ilikuwa Kasongo, wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa bado na pengo la meno ya mbele. Wazazi wangu waliishi Kindu. Mimi nililelewa na Bibi, ambaye aliniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao. Mwanzoni mwa mvua Baba mkubwa, mtoto wake wa kwanza, alifariki, akaacha duka la chumvi na nguo, baiskeli moja, na wake wawili. Wake hao walipaswa kukaa ndani miezi minne na siku kumi, kama sheria inavyotaka, bila hina, bila wanja, bila kuonana na mwanamume anayeweza kuwaoa. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake katika ua ule, lakini paa la yule mdogo lilivuja, na aliyekuwa akiliezeka ndiye huyo aliyekufa. Bibi akawaweka wote wawili katika chumba kimoja nyumbani kwake mwenyewe.

Mkubwa aliitwa Mama Zaina, Zaina likiwa jina lake mwenyewe, mrefu, mzito wa maneno, mwenye mikono ya kutwanga. Mdogo aliitwa Mama Feza, na huyo ulimi wake ulikuwa umenolewa pande zote mbili. Tangu Mama Feza aletwe katika ua ule, hawakuwahi kusemeshana ila kwa kupitia mtu wa tatu, na katika eda mtu huyo nilikuwa mimi. Walikaa kila mmoja kwenye mkeka wake, wamepeana migongo, umbali wa mkono mmoja tu. "Mwambie mwenzangu anisogezee kata," angesema Mama Feza, nami ningemgeukia Mama Zaina na kurudia maneno ambayo masikio yake yalikuwa yameshayasikia. Kata ingesogezwa. "Mwambie ahsante." Nilimwambia. Watu wazima waliliona jambo hilo la kawaida, kwa hiyo nami nililiona la kawaida. Ilijulikana pia kwamba halitadumu, maana Baba mdogo Yuma, ndugu wa marehemu, alikuwa ameleta habari kutoka Kabambare: eda ikiisha atakuja kumchukua Mama Feza awe mke wake, na Mama Zaina, ambaye hakuzaa, atarudi kwa kaka zake ng'ambo ya Lualaba.

Sungura walikuwa wangu. Wawili, walitoka misioni, ambako mapadri waliwafuga kwa ajili ya chakula cha Jumapili na kuwaita lapini. Dume nilimwita Kapitula, kwa kuwa alikuwa mweusi mwili mzima na miguu ya nyuma myeupe, utadhani askari aliyevaa kaptula. Jike nilimwita Mashavu, na aliyemwona hakuuliza kwa nini. Kizimba chao cha fito kilisimama chini ya dirisha la chumba cha eda, kwa sababu wajane walikuwa wamekaa bure mchana kutwa na waliweza kupiga kelele mbwa akija. Basi asubuhi moja Kapitula aliamka tumbo limevimba kama ngoma, na kabla ya adhuhuri amekufa. Nililia sana, na sioni haya kusema nilimlilia kuliko nilivyomlilia Baba mkubwa, ambaye alikuwa mtu wa kunikanya tu. Bibi alimzika nyuma ya choo, akanawa mikono, akamtazama Mashavu aliyejikunja pembeni. "Mwacheni," akasema. "Naye akae eda yake."

Yalikuwa maneno ya mzaha, lakini Mashavu aliyachukua kwa uzito wote. Alijibana kwenye kona ambako Kapitula alikuwa akilala, akageuza uso ukutani. Nilimletea majani ya viazi, akayanusa. Nilimletea maganda ya ndizi, hakuyanusa. Manyoya yake yakapoteza ule ung'avu, na ukimshika ulihisi mifupa ya mgongo mmoja baada ya mwingine. Upweke ni uvundo, wazee walisema, na kweli alianza kunuka vibaya. Ndipo Bibi aliponiita jikoni na kunieleza jambo bila kuzungukazunguka, kama kawaida yake. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudi, haliwi, ni hasara. Mnyama akichinjwa angali hai ni kitoweo. "Ijumaa mwalimu akitoka kusalisha nitamwita na kisu chake. Kama hajala kufikia hapo, mke mwenzangu, usinililie." Nilimkimbilia huyo huyo mwalimu wa chuo cha Kurani, nikamuuliza kama sungura ana eda na kama haifai aachwe amalize. Alifikiri, akajikuna ndevu. "Wanyama hawana eda," akasema. "Wana tumbo tu."

Kama hana eda, basi anaweza kuolewa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Bibi, naye, kwa kuwa hoja ilikuwa nzuri na alipenda mambo ya posa kuliko chakula, alikubali. Tulikwenda misioni na bakuli la mchele lililofunikwa kitambaa, kama watu wenye adabu. Mtunza mifugo pale alikuwa Petelo, Mzimba kwa kabila, Mkristo, mtu mpole aliyewapa sungura wote majina ya ubatizo. Alitutolea dume kubwa la kijivu liitwalo Augustini. Sharti lake: kizazi cha kwanza, nusu kirudi kwa mapadri. Njiani majirani walitufuata kwa vicheko. "Ee Bibi! Mjane wa Kiislamu mnamwoza kwa Mkatoliki?" Bibi hakugeuka. "Kwanza ale majani," alijibu, "mengine tutayazungumza." Petelo aliuliza kwa nini tusimpeleke bibi harusi kwa mume, kama watu wote wanavyofanya. Bibi alimshangaa. Mjane hatoki nyumbani, hata mtoto anajua. Kwa hiyo mume ndiye aliyepelekwa kwa mke, akaingizwa kizimbani mwake, na mlango ukafungwa kwa kamba ili wazoeane.

Sijapata kuona tena kitu kama kile. Mashavu, ambaye tangu juzi hakuinua hata kichwa, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kizimba kilitikisika, manyoya ya kijivu yakapeperuka hadi dirishani, na Augustini akatoa mlio ambao sikujua sungura anao. Tulipofungua kamba alitoka mwenyewe, mbio, mpaka chini ya kinu. Mashavu alirudi kwenye kona yake na kuugeuzia uso ukuta. Mimi ndiye niliyetumwa kumrudisha mchumba, nimembeba ndani ya kanga. Petelo alimgeuza huku na huku. "Mutoto," akasema polepole, "sikio ya Augustini ingine iko wapi?" Nikamjibu kwamba iko nyumbani kwetu, maana ndiyo ilikuwa kweli. "Aa, huyu muke iko na moyo ya chui," akasema, akampaka mafuta ya mawese mahali palipochanika. Kisha akanionea huruma, akanipa jike zee liitwalo Terezia, ambalo halikuzaa tena na lilikuwa limepangiwa chungu cha Jumapili. Alisema hapana neno, hata ikipigwa na Mashavu ni ya kuliwa tu.

Nilirudi nimelikumbatia hilo jizee, nikalikuta baraza limejaa maoni. Bibi alikataa katakata. Fahali wawili hawakai zizi moja, alisema, na majike wawili ni vibaya zaidi, nenda kaangalie chumba cha eda. Alisema hivyo chini ya dirisha la chumba hicho, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilisikika hadi sokoni. Niliingia ndani nikakaa katikati ya mikeka miwili, Terezia mapajani, machozi yananichuruzika, kwani kesho yake ilikuwa Ijumaa.

"Hakuna aliyekosa," Mama Feza akaliambia dirisha. "Mtu kaingizwa kwenye nyumba yenye mwenyewe, hakuulizwa. Mwenyewe naye hakuulizwa. Mlitaka wakumbatiane?"

Nilijifuta pua nikamgeukia Mama Zaina ili nimpelekee maneno hayo, kwa mazoea tu. Alinizuia kwa kiganja.

"Mimi sikukung'oa sikio," akasema. Hakuniambia mimi.

"Ulitaka."

"Nilitaka. Siku ile ulipoingia na sanduku lako, wallahi nilitaka."

Mama Feza aliguna, na mguno ule ukageuka kicheko alichojaribu kukiziba kwa mtandio, na mabega makubwa ya Mama Zaina nayo yakaanza kutikisika. Walicheka hivyo, bado wamepeana migongo, mpaka Bibi akagonga ukuta kuwakumbusha kwamba kuna msiba. Mimi sikuona kilichochekesha. Nilikuwa na mnyama wa kuchinjwa. Mama Zaina ndiye aliyegeuka wa kwanza, akanipokonya Terezia, akamweka sakafuni. "Mlete na yule mwingine humu," akasema. "Kule ni kwake. Huyu naye kwake misioni. Humu ndani hakuna mwenye kwake."

Sungura wawili wakalala chumba cha eda. Walikaa pembe mbili zinazotazamana, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake, na wajane waliwalinda wakipeana zamu na kuambizana habari moja kwa moja, bila mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Asubuhi sungura walikuwa wamesogeleana kidogo. Mashavu alikuwa hajala. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, sala ikasaliwa, na mwalimu akaja na kisu akakaa kwenye mkeka uani, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia walipo wanawake wale. Bibi alisimama mlangoni. Terezia alikuwa akitafuna jani la kiazi bila haraka yoyote, kama kizee anavyotafuna ugoro, na kikonyo kilikuwa kinaning'inia mdomoni. Mashavu alinyanyua kichwa, akamsogelea, akanusa, akakivuta.

"Ameiba!" Mama Feza alipiga kelele hadi mwalimu uani akaruka. "Kaiba mdomoni mwa mwenzie! Anakula!"

"Anakula," alirudia Mama Zaina, ameshika mkono wa Mama Feza, na hawakuachana upesi. Mwalimu aliuliza kutoka nje sasa yeye achinje nini. Bibi alimpa kuku, kwa sababu mtu ukimwita na kisu chake humrudishi mikono mitupu.

Eda ilipokwisha wajane walioga, wakavaa nguo za rangi, na udi ukafukizwa tena hadi macho yakatutoka machozi. Baba mdogo Yuma alifika kutoka Kabambare amevaa kofia mpya. Alimtaka mmoja, wakamjia wawili, wakaketi mbele yake bega kwa bega. Mama Zaina ndiye aliyesema. "Shemeji, ukimchukua huyu unichukue na mimi. Na Kabambare hatuji." Baba mdogo alimtazama Bibi, Bibi akatazama paa. Alikula wali, akanywa maji, akasifu kuku, akarudi alikotoka. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," Bibi alisema alipoondoka, na hadi leo sijui alimsema nani. Nyumba ya Mama Feza haikuezekwa tena. Waliishi pamoja katika kile chumba wakiuza mikate ya mchele, wakigombana kila siku ya Mungu juu ya chumvi, na Mashavu na Terezia wakirithi ile nyumba inayovuja. Mama Zaina alikufa miaka mingi baada ya Wabelgiji kuondoka, nami nilikuwa nimeshaolewa. Baada ya mazishi Mama Feza alivua bangili, akafuta wanja, akaketi ndani. Mwalimu mpya, kijana, alikuja kumweleza kupitia mlangoni kwamba katika dini mke mwenza hakaliwi eda. "Najua," alimjibu, na akakaa miezi yake minne na siku zake kumi.

Siku hizi Kasongo inanuka petroli ya pikipiki, na sungura sijui kama yuko anayewafuga. Wanangu wako Kinshasa na Bukavu. Mume wangu alipofariki walinipigia simu kila jioni, wakaninunulia televisheni, wakaniuliza nakosa nini. Mtu asiyejua afadhali asiulize. Mume wangu alikuwa na mke mwingine, huko Salamabila. Kwa miaka yote hiyo sikumfungulia mlango, na yeye hakunifungulia wake. Sote tulikuwa na sababu, nzuri tu. Eda yangu ilipoisha nilikaa sebuleni peke yangu, nimetazama ukuta, hata chakula nikawa naonja tu. Nikamwambia mjukuu wangu aniandikie ujumbe kwenye simu. Sikumwambia mwenzangu aje kwangu, wala sikusema nitakwenda kwake. Nilisema tukutane Lusangi siku ya soko, mahali ambapo kati yetu hakuna mwenye kwake. Jibu lilirudi kabla chai yangu haijapoa: "Wewe tangulia, nisionekane mimi ndiye niliyengoja." Mwendesha pikipiki nimeshamwita. Kesho alfajiri natangulia.