Njugu za Kura

Nikinusa njugu zinazokaangwa kwa chumvi pale stendi ya Bungoma, mimi hucheka peke yangu. Harufu hiyo hunirudisha Kabuchai, mwaka niliotimiza miaka minane, tulipokula kazi ya watafiti wa Kitale.

Mama alikuwa amewapa kipande cha shamba wajaribu njugu zao mpya zenye punje kubwa. Zetu za kienyeji zilikuwa ndogo, kuzimenya kulimaliza kucha. Misimu miwili tulipalilia mistari yenye vibao vya namba, na Mama akaringa katika kikundi chote cha akina mama kwamba majaribio yako kwake.

Baada ya mavuno, Bwana Kiptoo, mtafiti mpole aliyezaliwa Kachibora, alipita kwetu na mifuko mitatu ya mbegu. Alinikuta peke yangu.

“Mwambie mama hizi ni za kura. Alhamisi kikundi kitachagua ya kupanda.”

Sasa, sisi Wabukusu, l na r kwetu ni watoto wa tumbo moja. Nilifikisha ujumbe kwa moyo safi: amesema ni za kula. Ya Alhamisi niliisahau.

Tukala. Nyanya alikaanga, zilizobaki akazitwanga za kuungia mboga, akamshukuru Mungu na Kitale kwa pamoja.

Alhamisi, siku ya mkutano wao, akina mama walijaa uani. Bwana Kiptoo akaomba mifuko.

“Si uliambia mtoto ati ni za kula?” Mama aliuliza, sauti ikimpungua.

Niliona majaribio yakihamia kwa jirani na Mama akiaibika mbele ya wenzake, nikatamani ardhi inimeze. Bwana Kiptoo alinitazama, akakohoa.

“Ni mimi, mama. Ulimi uliteleza. Mbegu zingine ziko Kitale, nitaleta wiki ijayo. Lakini kwanza niambieni, ipi ilikuwa tamu?”

“Ya mfuko mwekundu,” Nyanya alijibu kabla ya wote. “Haina uchungu, bana.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko, Mama naye akacheka hadi akafuta machozi. Nilipumua. Hata nilimhurumia Bwana Kiptoo, mtu msomi hivyo na ulimi mbovu.

Nilipokuwa mkubwa nilipelekwa kufundisha Kachibora, kwao Bwana Kiptoo. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa uchaguzi, na kila mtu sokoni alizungumzia kura. Niliwasikiliza wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyesema kula.