Mshahara wa Nesi na wa Mchungaji

Nilikuwa nesi katika zahanati karibu na Runyenjes, na mume wangu alikuwa mchungaji. Mshahara wangu ulikuja kila mwezi. Wake ulitegemea sadaka, na sadaka ilitegemea bei ya kahawa ambayo waumini wake walilima. Dada zangu walinihurumia waziwazi.

Mwaka mmoja manesi tuligoma, mishahara ikasimamishwa. Jumapili iliyofuata waumini walituletea ndizi, maharagwe na jogoo mkali.

"Sasa ni zamu yangu kukulisha," mume wangu alisema, jogoo akimponyoka.

"Kwanza umkamate, baba watoto."

Tulimfukuza hadi kwenye migomba, mume wangu na kola yake ya kanisani, mimi nikicheka mpaka nikakaa chini. Mgomo ulipoisha, nilimnunulia viatu vipya vya kuhubiria.