Msalaba Mwekundu wa Mama Getrude

Dina alipouona msalaba unang'aa, moyo ukampiga pa! Jana jioni aliuacha nyuma ya nyumba ukiwa mkavu, umesuguliwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Akapitisha kidole juu yake. Kikatoka cheusi.

"Maiko! Nani kapaka oili chafu hapa?"

"Mimi, dada," mdogo wake alijibu, tena kwa kujisifu. "Niliona umande utauharibu. Nikaupaka kama tunavyopaka nguzo, mchwa wasile."

Mchwa wale chuma! Siku nyingine Dina angecheka mpaka akae chini. Lakini misa ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama yao ilikuwa mchana uleule, na wageni kutoka Mpanda na Ikola walishaanza kushuka kwenye bodaboda. Na rangi haishiki juu ya oili, hata uipake kwa maombi.

Mama yao Getrude, katika siku zake za mwisho, alimshika Dina mkono akamwambia, "Mimi nisije nikafutika kama baba yako anavyofutika." Dina alimwahidi msalaba usiofutika. Yeye ndiye fundi wa kuchomelea pale Kibaoni, nani mwingine angeahidi?

Akamwaga thina kwenye tambara, akaanza kufuta. Alifuta huku machozi yanamtoka, na si ya thina peke yake. Maiko, kwa aibu, akashika msasa akasugua kwenye maungio.

Shangazi Imakulata, dada wa marehemu baba yao, akatokea na kopo la rangi ya silva.

"Nyie bado mnasugua? Pakeni hii, ing'ae, twende."

"Shangazi, bila praima ya kuzuia kutu itabanduka. Inatangulia hii nyekundu, ikauke, ndiyo silva ifuate. Na muda wa zote mbili hatuna."

"Kwa hiyo?"

"Utaenda mwekundu."

Shangazi alimtazama kama amemtukana. "Kaburi la Mkristo liwe jekundu kama kilinge cha mganga? Mbele ya padri? Unatuaibisha, Dina!"

Kopo la silva lilikuwa pale pale, rahisi, na wote wangefurahi leo. Akalisukuma kando kwa mguu, akachovya brashi kwenye nyekundu. Jua lilikuwa kali, likamsaidia. Praima iliposhika, akaandika jina la mama kwa rangi nyeupe, herufi kwa herufi, kengele ya kanisa ikiwa inalia.

Makaburini watu walinong'ona waziwazi. Dina alitazama chini. Maiko na wenzake wakausimika msalaba mwekundu kando ya ule wa baba, ambao Shangazi mwenyewe ndiye aliyeuchagulia silva miaka ile, juu ya chuma kitupu, kwa sababu inang'aa.

Padri akauliza jina la marehemu baba, amtaje naye kwenye sala. Shangazi akainama kwa heshima, akaufuta msalaba wa kaka yake kwa ncha ya kanga ili padri asome.

Rangi ikabanduka na jina lote. Akabaki ameshika kanga iliyojaa magamba ya silva na vumbi la kutu, na pale palipokuwa pameandikwa Apolinari pakawa na chuma kilicholiwa.

Shangazi aliifunga kanga taratibu, magamba yakiwa ndani, akamsogelea Dina.

"Ile nyekundu," alisema kwa sauti ndogo, "imebaki ya kumtosha kaka yangu?"