Dawa ya nyanya mtoni Wusi

Leo nimekumbuka siku niliyomfumania mume wangu mtoni, nikiwa na wanawake sita nyuma yangu!

Ilikuwa miaka ya sabini, huku kwetu Wusi. Asubuhi tulikuta vyura wamekufa, wanaelea pale tunapochota maji ya kunywa.

Nikasema, "Twendeni juu ya mto tumtafute anayetuua."

Tukapanda. Tukamkuta mume wangu akisuuza bomba la kupulizia nyanya dawa ya wadudu mle mtoni.

Jamani, aibu niliyoiona!

"Mama Mghoi, ni dawa kidogo tu," akasema.

Nikachota maji hapo hapo, nikampa. "Kunywa basi."

Hakunywa. Alibeba bomba lake, na tangu siku hiyo akawa analiosha shambani, mbali na maji.

Wewe ungenyamaza kwa sababu ni mume wako?